Bahari Moja, Nchi Kumi

Mtafiti wa Komoro anayetaka kufika Maputo ana safari ya ajabu. Kwenye ramani Msumbiji iko ng'ambo tu ya mlango-bahari, na majahazi yamevuka hapo kwa karne nyingi. Kwa ndege, mara nyingi hulazimika kupanda kaskazini hadi Nairobi au Addis Ababa, asubiri uwanjani kwa saa kadhaa, kisha ashuke tena kusini hadi kuipita latitudo ya kwao. Mwenzake wa Réunion, kisiwa ambacho kisheria ni sehemu ya Ufaransa, hufika Paris kwa urahisi kuliko anavyofika Zanzibar.

Hata hivyo wanakuja. Kila baada ya miaka miwili, mamia ya watu wanaochunguza bahari hii moja hukusanyika kwa wiki nzima katika mji mmoja wa pwani. Dar es Salaam iliwapokea mwaka 2001, ikawapokea tena 2017. Maputo ilikuwa mwenyeji 2003 na 2013, Mauritius 2005 na 2019, Durban 2007, Réunion 2009. Kongamano la 2021 lilisukumwa mbele na korona, likafanyika Oktoba 2022 mjini Gqeberha, ule mji wa Afrika Kusini ambao wengi bado wanaujua kwa jina la Port Elizabeth. Mombasa, iliyokuwa mwenyeji 2011, ikapata zamu yake tena mwishoni mwa Septemba 2025.

Mwandalizi ni Chama cha Sayansi ya Bahari cha Magharibi mwa Bahari ya Hindi, ambacho kila mtu hukiita kwa kifupisho chake cha Kiingereza, WIOMSA. Makao yake yako Zanzibar. Eneo lake linaanzia Somalia, linashuka Kenya, Tanzania na Msumbiji hadi Afrika Kusini, kisha linavuka maji kwenda Komoro, Madagaska, Shelisheli, Mauritius na Réunion. Ni nchi na maeneo kumi ambayo hayana lugha moja, fedha moja wala historia moja ya kutawaliwa. Kinachoyaunganisha ni maji.

Ratiba ya kongamano haina siri. Asubuhi huanza na mhadhara mmoja mkubwa kwa wote, halafu watu hutawanyika katika vyumba vinavyokwenda sambamba: hapa matumbawe, pale uvuvi mdogo, kule taka za plastiki, mwisho wa ukumbi sheria za hifadhi. Msemaji hupewa dakika chache, na mwenyekiti wa kikao humwinulia karatasi zinapokaribia kwisha. Wengi, hasa vijana, hawapati jukwaa kabisa. Hupewa nafasi ya kubandika bango na kusimama kando yake wakisubiri mtu apunguze mwendo. Wapo wanaoona bango ni daraja la pili. Hilo si kweli. Mhadhara husikilizwa na watu mia moja ambao nusu yao wanasoma barua pepe, ilhali mbele ya bango husimama watu watano, na mmoja wao huenda ndiye aliyeandika makala ambayo tasnifu nzima imejengwa juu yake.

Ila anayelijua kongamano hili vizuri huchagua chai. Kwenye foleni ya chai, mwanafunzi wa uzamili mwenye sampuli za majani ya bahari kwenye friji ya chuo chake anaweza kumkuta mtu wa Afrika Kusini mwenye mashine ya kuzipima. Mmoja ana swali na hana kifaa, mwingine ana kifaa na amechoka kupima sampuli za pwani ileile. Mazungumzo hayo hayamo katika ratiba, wala hayaandikwi katika ripoti anayotumiwa mfadhili, na ni vigumu kuyawekea thamani. Ukifuatilia majina ya waandishi katika makala nyingi za eneo hili, hasa zile ambazo Mkenya ameandika na Mmadagaska, au Mtanzania na mtu wa Mauritius, si rahisi kueleza walikutana wapi isipokuwa katika vyumba vya namna hii.

Lugha ya vikao ni Kiingereza, na hapo ndipo wengine huanza mbio wakiwa nyuma ya mstari. Mtafiti wa Toliara, Madagaska, aliyesoma kwa Kifaransa, au wa Quelimane, Msumbiji, aliyesoma kwa Kireno, huandaa hoja zake katika lugha moja na kuzitetea katika nyingine. Kwenye chai mambo hulegea kidogo: Wakenya na Watanzania hurudi kwenye Kiswahili, na Wakomoro, ambao lugha yao ni jamaa wa karibu, huchangia walichokipata.

Ili kuelewa kwa nini chama kama hiki kilihitajika, inabidi kurudi nyuma hadi wakati ambapo utafiti wa bahari Afrika Mashariki ulikuwa chini ya paa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Waingereza waliweka Zanzibar shirika la utafiti wa uvuvi wa baharini kwa ajili ya Afrika Mashariki nzima, likiwa pacha wa lile la maji baridi lililokuwa Jinja, Uganda. Lilikuwa shirika la kikoloni lenye malengo ya kikoloni. Lakini liliitazama pwani kuanzia Lamu hadi Mtwara kama kitu kimoja, na baada ya uhuru liliendelea kuwa mali ya pamoja.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Ndege, reli na posta viligawanywa huku watu wakilaumiana. Utafiti wa bahari ulikatika kimyakimya. Kila nchi ikaanza upya. Kenya iliunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, mwaka 1979, makao yakiwa Mombasa. Tanzania ilianzisha taasisi yake ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, kwa sheria ya mwaka 1980, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimekwisha kuweka Taasisi ya Sayansi za Bahari Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1970. Taasisi zilikuwepo, watu walikuwepo, ila jodari aliyepita Pemba asubuhi na kuingia maji ya Kenya jioni alihama kutoka daftari la wizara moja kwenda la wizara nyingine, na madaftari hayo hayakusomwa pamoja.

Miaka ya mwanzo ya 1990 ilileta upepo tofauti. Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari ya eneo hili ulikuwa umesainiwa tangu 1985. Aprili 1993 mawaziri walikutana Arusha kuzungumzia usimamizi wa pamoja wa ukanda wa pwani, na mwaka huohuo WIOMSA ikazaliwa. Uswidi, kupitia shirika lake la misaada Sida, ilikuwa tayari inagharamia mafunzo ya wataalamu wa bahari katika eneo hili, na ikawa mfadhili mkubwa wa chama hicho kwa miaka mingi. Kwa takriban miongo miwili katibu mtendaji wake alikuwa Julius Francis, Mtanzania aliyetokea Taasisi ya Sayansi za Bahari. Miongoni mwa marais wake wamekuwamo wanawake wawili wa Kenya: Nyawira Muthiga, anayejulikana kwa kazi zake za matumbawe na viumbe wa miambani, na Jacqueline Uku wa KMFRI.

Chama kilikuwa bado kichanga bahari ilipokipa mtihani.

Mwanzoni mwa 1998, joto la El Niño lilienea katika Bahari ya Hindi na kukaa. Tumbawe ni mnyama mdogo anayeishi na mwani ndani ya mwili wake. Mwani humpa chakula na rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la kiangazi kwa nyuzi moja hivi na kubaki hivyo kwa wiki kadhaa, ushirika huo huvunjika, mwani hutoka, na tumbawe hubaki jeupe. Maji yakipoa mapema, tumbawe hupona. Mwaka ule hayakupoa mapema. Katika visiwa vya ndani vya Shelisheli zaidi ya asilimia 90 ya matumbawe hai yalitoweka. Kenya na Tanzania nazo zilipoteza sehemu kubwa, ingawa hasara ilitofautiana sana kutoka mwamba mmoja hadi mwingine.

Swali la kila mtu lilikuwa rahisi: hasara ni kiasi gani kwa eneo zima? Jibu halikupatikana kirahisi. Mmoja alikuwa amepima kwa kamba iliyolazwa juu ya mwamba, mwingine kwa fremu ya mraba, wa tatu kwa picha. Mmoja alihesabu tumbawe lililokufa juzi kama tumbawe, mwenzake alilihesabu kama jiwe. Namba zilikuwepo, ila hazikuweza kujumlishwa. Mwaka 1999 ukaanzishwa mpango wa CORDIO wa kufuatilia uharibifu wa matumbawe katika Bahari ya Hindi, na tawi lake la Afrika Mashariki likajikita Mombasa chini ya David Obura. Kazi yake kubwa ya miaka ya mwanzo ilikuwa ya kuchosha na isiyo na sifa: kuwafanya watu wa nchi mbalimbali wakubaliane namna ya kuhesabu.

Matunda yalichelewa. Mwaka 2017 ilitoka ripoti ya hali ya miamba ya matumbawe ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, iliyoweka takwimu za nchi hizi pamoja. Mwishoni mwa 2021 Obura na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Sustainability tathmini iliyoigawa miamba ya eneo hili katika mafungu 11, na kuonyesha kwamba mafungu yote 11 yamo katika hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50, sababu kubwa zikiwa joto la bahari na uvuvi uliopita kiasi. Habari ni mbaya. Lakini ni habari ambayo mwaka 1998 isingeweza hata kuandikwa, kwa kuwa hakukuwa na jedwali moja la kuiandikia. Mwaka 2023 Obura alichaguliwa kuongoza IPBES, jukwaa la kimataifa la serikali mbalimbali kuhusu bioanuwai. Mtu aliyeanza kwa kuhesabu matumbawe ya pwani ya Kenya akawa mwenyekiti wa chombo kinachoshauri serikali za dunia.

Makongamano ndiyo yanayoonekana. Kinachoishikilia jumuiya hii kati ya kongamano moja na jingine ni fedha ndogo.

WIOMSA ina ruzuku iitwayo MARG, na watafiti wengi wa eneo hili wameipitia walipokuwa hawajulikani na mtu. Iko katika ngazi tatu: ya kwanza kwa ajili ya utafiti wenyewe, ya pili ya kumwezesha mtafiti kwenda kukaa katika taasisi nyingine kwa muda, ya tatu ya safari ya kuwasilisha kazi au kuhudhuria mafunzo. Ngazi ya kwanza ni dola elfu chache tu. Kwa profesa wa Ulaya, hicho ni kiasi cha kurekebisha kifaa kimoja. Kwa mwanafunzi wa uzamili wa Zanzibar ni petroli ya boti kwa msimu mzima, ujira wa nahodha, mitungi ya hewa, chupa za sampuli na posho ya msaidizi wa kushika kamba upande wa pili. Kwa maneno mengine, ni tasnifu.

Zaidi ya kiasi, ruzuku hii huja na jina la mwombaji juu yake. Katika miradi mikubwa inayoletwa kutoka nje, swali la utafiti huwa limekwisha kuamuliwa kabla mtafiti wa hapa hajapigiwa simu. Anaombwa atafute boti, awajue wazee wa kijiji, afasiri hojaji, na mwishowe hushukuriwa katika aya ya mwisho ya makala. Ruzuku ndogo humlazimisha aanze na swali lake mwenyewe. Andiko lake linasomwa na wataalamu wanaolichambua na kumrudishia hoja. Anajifunza kutengeneza bajeti, kutunza risiti, kuandika ripoti kwa tarehe. Ni mafunzo makavu, na vyuo vyetu vingi havina somo lake.

Kasoro ni kwamba fursa hizi huwafikia kwanza walio karibu na chungu. Mwanafunzi ambaye msimamizi wake amewahi kupata ruzuku husikia habari mapema, huonyeshwa andiko lililofaulu, na husahihishiwa lake kabla ya kulituma. Wa chuo cha mbali husikia zikiwa zimebaki siku tatu. Andiko lake linaweza kuwa na wazo bora kuliko la mwenzake na bado likaanguka, kwa sababu limeahidi kupima mambo saba kwa muda wa miezi sita, au halikueleza sampuli ngapi zitachukuliwa na kwa nini. Mitandao ya watafiti chipukizi na ya wanawake katika sayansi ya bahari iliyoibuka miaka ya karibuni imejaribu kuziba pengo hilo kwa kusaidiana kuhariri ikisiri na kutangaziana nafasi.

Jumuiya hii ina pia jarida lake, lililoanza kutoka mwaka 2002 na linalosomwa bure mtandaoni. Wakubwa wa vyuo, wanaohesabu alama za kupandishwa vyeo, hulipenda kidogo kuliko majarida ya Ulaya. Ni ufupi wa macho. Makala kuhusu ukubwa wa pweza wanaoshushwa Mafia, au aina za samaki katika mikoko ya delta ya Rufiji, huenda isimvutie mhariri wa London, ila ndiyo anayoihitaji ofisa uvuvi wa Kilindoni. Kitabu kinachotumiwa sana pwani hii kilitokana na mahitaji ya namna hiyohiyo: mwongozo wa viumbe wa fukwe za Afrika Mashariki na visiwa vyake uliohaririwa na Matthew Richmond. Ulitoka mara ya kwanza 1997, na toleo la tatu likafuata 2011. Anayeokota konokono au nyota-bahari maji yakiwa yamekupwa na kutaka kujua jina lake huanzia humo.

Je, yote haya yanamfikia mtu asiyekuwa na shahada? Wakati mwingine, na kwa njia ndefu.

Chukua mwani wa Zanzibar. Profesa Keto Mshigeni alianza kuuchunguza mwani wa pwani ya Tanzania miaka ya 1970, muda mrefu kabla haujawa zao la biashara. Kilimo chenyewe kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, na kikashikwa na wanawake. Kwa wengi wao zilikuwa fedha za kwanza walizozitawala wenyewe. Kisha, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwani aina ya kotoni, ule wenye bei nzuri, ukaanza kufa katika maji ya kina kifupi yaliyozidi kupata joto. Wakulima walibaki na spinosamu, inayovumilia zaidi na kulipa kidogo.

Dakta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari aliliandama tatizo hilo kwa miaka. Mwaka 2006 alikuwa miongoni mwa walioanzisha umoja wa wakulima na watafiti wa mwani Zanzibar, na baadaye akashiriki kujaribu nyavu za mrija zinazowekwa kwenye maji ya kina, ambako kuna ubaridi zaidi. Hapo tatizo likageuka kuwa la kijamii. Maji ya kina yanahitaji boti na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivyo hawakuwa wamefundishwa kuogelea. Mradi wa sayansi ya mimea ukajikuta unatoa mafunzo ya kuogelea. Wakati huohuo wanawake walijifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni, ili kilo moja ilete zaidi ya bei ya mnunuzi wa jumla. Joto halijaondoka, na bei bado ina kelele zake.

Gazi, kusini mwa Mombasa, njia ilinyooka zaidi. Watafiti wa KMFRI, wakiongozwa na James Kairo, walichunguza na kupanda mikoko katika ghuba hiyo kwa miaka mingi, wakishirikiana na wenzao wa Ulaya. Walipima kaboni iliyofungwa katika miti, na zaidi ile iliyolala ndani ya tope chini ya mizizi. Vipimo hivyo ndivyo vilivyowezesha Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni unaolinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa, takriban tani 3,000 kwa mwaka. Ni miongoni mwa miradi ya kwanza duniani ya aina yake kuendeshwa na wanakijiji. Fedha zimekwenda kwenye maji ya bomba na vifaa vya shule, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, wakafuata kwa mradi wao.

Wapo watakaouliza kama ni haki mwanakijiji wa Kwale kulipwa ili mtu wa Ulaya aendelee kuchoma mafuta. Ni swali zuri, na halijibiwi na kipimo cha kaboni. Ila bila kipimo hicho, kijiji kisingekuwa hata na kiti katika mazungumzo.

Pweza naye amesafiri kwa mazungumzo. Novemba 2004, wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walikubali kufunga sehemu moja ya mwamba wao kwa miezi saba. Pweza hukua haraka mno. Anayeachwa miezi michache huongezeka uzito kwa kiasi ambacho mvuvi anakiona kwa macho siku ya kufungua. Habari ilienda kijiji hadi kijiji, kisha ikavuka bahari. Wavuvi wa Rodrigues, kisiwa kilicho chini ya Mauritius, walikwenda Madagaska kujionea, na mwaka 2012 wakaanza kufunga kwao. Baadaye watu wa Kisiwa Panza, Pemba, wakajaribu kwa msaada wa shirika la Mwambao. Watafiti walikuwa nyuma ya kila hatua wakihesabu na kupima. Aliyemshawishi mvuvi, hata hivyo, alikuwa mvuvi mwenzake. Jambo hilo lingepaswa kubadilisha orodha ya waalikwa wa makongamano kuliko lilivyobadilisha mpaka sasa.

Kazi nyingine haziwezekani kwa ngalawa wala kwa boti ya nyuzinyuzi. Maji ya kina yanahitaji meli, na meli za utafiti ni ghali kuzinunua na ghali zaidi kuziendesha. Ndiyo maana historia ya bahari hii ya kina imeandikwa zaidi na wageni. Msafara wa Kimataifa wa Bahari ya Hindi, uliofikia kilele mwanzoni mwa miaka ya 1960, ulileta meli za mataifa makubwa. Wa pili ulizinduliwa Desemba 2015, safari hii ukiwa na nafasi zaidi kwa watafiti wa nchi zenyewe. Meli ya Norwei, Dr Fridtjof Nansen, inayofanya kazi na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, imekuwa ikiwachukua vijana wa eneo hili na kuwafundisha kazi baharini. Kenya ilipata yake kutoka Ubelgiji: meli iliyokuwa ikiitwa Zeeleeuw ilikabidhiwa KMFRI na kupewa jina RV Mtafiti. Kupata nafasi katika meli kama hizi, wiki mbili za zamu ya usiku na kichefuchefu, ni fursa ambayo darasa haliwezi kuitoa.

Kisha kuna vibali. Mtafiti wa Mombasa anayetaka kuchunguza kasa wanaotagia Kenya na kula majani ya bahari Tanzania anahitaji kibali cha tume ya sayansi ya kwao, NACOSTI, cha tume ya Tanzania bara, COSTECH, na kingine Zanzibar. Kusafirisha kipande cha ngozi kidogo kuliko ukucha kutoka nchi moja hadi nyingine kunadai makaratasi zaidi, kwa kuwa kasa wanalindwa na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe. Sheria hizi zina sababu njema. Kwa miongo mingi, sampuli za Afrika ziliondoka na hazikurudi hata kama ripoti. Lakini zimeandikwa kana kwamba kila mgeni anatoka mbali, na jirani wa kilomita 100 anasimama foleni moja na mtu wa Boston.

Gharama ndiyo donda lenyewe. Serikali za Afrika ziliahidi, mwaka 2006 ikiwa mara mojawapo, kutenga angalau asilimia moja ya pato la taifa kwa utafiti. Nchi nyingi hazijafika hapo. Matokeo yake, kalenda ya jumuiya hii hufuata mizunguko ya bajeti za Stockholm, Oslo na Brussels. Mfadhili akigeukia bahari, vijana hupata uzamivu. Akigeukia jambo jingine, wengine hubaki na data zao. Mwaka 2017 shirika la WWF lilikadiria kwamba bahari ya eneo hili huzalisha thamani ya dola bilioni 20.8 kwa mwaka, na sehemu kubwa inatokana na utalii. Ni vigumu kueleza kwa nini kuichunguza mali ya kiasi hicho kuwe jukumu la mlipakodi wa Uswidi.

Na katika nchi kumi, moja imekosekana kwa muda mrefu kuliko zote. Somalia ina mwambao mrefu kuliko nchi yoyote ya Afrika bara, ukiacha visiwa, zaidi ya kilomita 3,000. Mbele yake hupita mkondo wa aina ya pekee: wakati wa kaskazi hutiririka kusini, kusi ikianza hugeuka na kukimbia kaskazini kwa nguvu, ukivuta juu maji baridi yenye rutuba yanayolisha samaki wengi, jodari wakiwamo. Meli ya Uingereza, Discovery, ilikwenda kuupima mwaka 1964. Tangu serikali ilipoanguka mwaka 1991 kupima karibu na pwani kumekuwa kwa shida, na setilaiti huona joto la juu ya maji tu, haioni kilichoshushwa ufukweni wala kilichopungua chini.

Mkenya anayetaka kueleza kwa nini mwaka fulani samaki wamejaa Lamu na mwaka uliofuata hawapo anahitaji habari kutoka upande wa pili wa mpaka. Anayekadiria jodari katika ofisi za Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, kule Victoria, Shelisheli, anazihitaji pia. Hivyo kiti cha Somalia katika mikutano hii hakiwekwi kwa adabu ya kidiplomasia tu. Vipimajoto vidogo vinavyofungwa kwenye mwamba na kurekodi kila saa kwa miezi havina bei kubwa; ruzuku ya ngazi ya kwanza ingetosha kununua kadhaa. Kazi inayobaki ni ya mtu wa Kismayu au Merka atakayevifunga, avirudie kusi ikishapita, na awe na wenzake wa kuwapelekea namba zake.